Marehemu wa Darasa la Ijumaa

Muaither, Doha
12 Januari 2012

Mwanamkuu mdogo wangu,

Anayekuandikia ametimiza miaka sabini mwezi huu, na bado ana meno yake na leseni yake. Nimewazika wake wawili. Nimemzika tajiri aliyenileta huku, sasa namwendesha mwanawe na wajukuu zake. Nimezimaliza Landkruza nne. Kipindupindu kilimchukua jirani yangu wa ukuta mmoja, mie kikanipita kikaenda zake. Basi mtu kama huyo akisema jambo, lisikilizwe.

Assalaam alaykum. Huku wazima, baridi tu inaingia kwenye magoti. Herufi zangu unazijua, zimelala kama mbuzi waliochoka, lakini ni zangu, sikumwandikisha mtu. Simu sitaki. Kwenye simu ukiulizwa jambo zito unasema mtandao mbovu. Barua hii anaileta mpishi mmoja wa hoteli anayekuja likizo, mpe chai.

Zuleikha binti yangu hajambo, yuko pale pale Al Wukair na mumewe, kazi ya hoteli inamla mgongo. Habari yenyewe ni ya mwanawe, Ibrahimu. Miaka kumi na tano, sauti imeshakuwa nzito, adabu imekuwa nyepesi. Skuli wamemkamata na suweika. Hiyo ni tumbaku iliyosagwa, wanaifunga vifurushi vidogo, wanaibana ndani ya mdomo wa chini. Haina moshi, mwalimu anapita anakuuliza hesabu nawe umeibana unamjibu. Na nasikia hao wanaowauzia watoto suweika ndio hao hao wanaowapa na vidonge. Mwalimu mkuu amesema akikamatwa mara ya pili anafukuzwa, na skuli nyingine ya kumpokea hakuna.

Nimeamua aje kwako Unguja. Utamkalisha, utampeleka chuoni akasome Kurani, atakaa sawa. Zuleikha analia lakini kulia ni kazi ya kina mama.

Halafu, Khalfan vipi? Barua yako ya mwaka jana mwanao hukumtaja. Ya kabla yake pia. Watu wakija kutoka huko wananiambia yuko Mombasa, wengine wananiambia mengine. Mie siulizi, nauliza tu.

Wako kaka,
Suleimani


Jang'ombe, Unguja
20 Februari 2012

Kaka Suleimani,

Waalaykum salaam. Barua imefika, mpishi wako amekunywa chai na maandazi yote. Hongera ya miaka sabini. Sisi hatujambo. Mguu wangu ule ule, nikiukalia unauma, nikiusimamia unauma. Bati la jikoni tumelibadilisha. Mtoto wa Bi Nasra ameolewa Fuoni, harusi ilikuwa kubwa, watu walikula mpaka wakasahau bibi harusi.

Ibrahimu asije.

Nakujua, utataka sababu, na ukipewa sababu utataka kushindana nayo. Kwa hiyo sikupi. Asije kwangu, asije Jang'ombe, si mwaka huu. Kila mzazi wa huko Arabuni akishindwa na mtoto anasema atamrudisha Unguja, kama vile Unguja ni dobi, unapeleka kichafu unachukua kisafi.

Wewe si ndiye uliyezimaliza Landkruza nne? Mfunze hapo hapo alipo. Ila kaka, ukimfunza, muulize kwanza anajua nini. Watoto siku hizi wanajua zaidi kuliko tunavyotaka.

Hapa wote wanakusalimu.

Mwanamkuu


Muaither, Doha
23 Machi 2012

Mwanamkuu,

Assalaam alaykum. Vumbi limetukalia wiki nzima, hata taa za gari hazioni. Zuleikha anakusalimu, amekununia kidogo, itapita. Wanao wote unasema wananisalimu, hukuwataja majina, haya.

Ulinitania, nikasema ngoja. Sasa sikiliza kazi ya kakaako.

Hapa Wukair kwenye majengo anayokaa Zuleikha kuna ukumbi mdogo. Kila Ijumaa jioni wanakusanywa watoto wakubwa wakubwa, wetu na wa Wakenya, wanafundishwa habari za sigara, ulevi na madawa. Mwalimu ni Milka, nesi wa Kikenya, binti mdogo tu, Mkristo, mpole. Ndiyo, binti huyo afundishe na mie nikae nyuma karibu na jagi la maji.

Basi nikakaa. Milka akatoa picha ya mapafu. Akawauliza watoto, nani amewahi kupewa, alipewa na nani, alijisikiaje. Anawauliza. Anawagawa wawiliwawili, mmoja anajifanya anampa mwenzake sigara, mwenzake afanye mazoezi ya kukataa. Kama mchezo wa kuigiza. Watoto wanacheka. Nikamwambia wazi kwamba kukataa hakufanyiwi mazoezi, mtu anakataa au anachapwa. Akanijibu kwa kile Kiswahili chao, "Mzee, wacha wao waongee kwanza." Ibrahimu naye akanyanyua mkono akaniuliza mbele ya watu ndani ya tambuu yangu ninayotafuna mna nini. Nikamwambia mna karafuu. Akasema na tumbaku je. Tumbaku ya tambuu ni kiungo, Mwanamkuu, kama bizari kwenye mchuzi, hata wewe unajua. Nikamtoa nje.

Ijumaa ya tatu Milka alichelewa, zamu ya hospitali. Nikasimama. Sikutoa picha wala mchezo. Nimewapa kisa kimoja tu, cha kijana wa kwetu, alianza kidogo kidogo hivi hivi, akaishia kwenye unga wa kudunga, akafa. Nikawaeleza alivyokutwa, alivyooshwa, na mama yake alivyokaa mkekani asiweze kusema. Mtoto mmoja wa Kikenya, Owen, aliuliza alizikwa wapi, nikamtajia na makaburi. Ukumbini ulikuwa unasikia kiyoyozi kinavyodondosha maji. Kisa cha nani, hilo liache.

Waliolia walilia. Arafa, binti wa Jang'ombe anayelea watoto wa Kiarabu Al Wakrah, alilia kuliko wote. Akataka marehemu asomewe hitima, nikasema haya, kusoma Kurani hakumdhuru mtu. Imesomwa Wakrah Ijumaa iliyofuata, ubwabwa ulikuwa mzuri.

Na Ibrahimu alikuja mwenyewe akaapa kwa kichwa cha mama yake kwamba ameacha. Unaona? Milka na mapafu yake miezi miwili, mie siku moja.

Kakaako,
Suleimani


Jang'ombe
6 Mei 2012

Suleimani,

Sikuandiki kaka.

Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, niko uwani napepeta mchele. Wakaja wanawake, kwanza watatu, halafu saba, halafu sikuhesabu, kanga wamejifunika mpaka machoni. Wa mbele alikuwa mama yake Arafa. Akaniangukia begani akaniambia, "Mwenzangu, ungetuambia. Msiba mzito hivi haubebwi peke yako." Nyuma yao wengine wamebeba nazi na sukari. Mmoja ameshaanza kuvuta mkeka wangu wa chumbani autandike ukumbini.

Nikawauliza nani amekufa. Wakatazamana. Wakadhani huzuni imenichukua akili. Bi Nasra akanikalisha kwa nguvu, akaanza kunipungia upepo. Mama yake Arafa akasema Khalfan, Mungu amrehemu, hitima yake imesomwa Doha, mjomba wake mwenyewe kaeleza kila kitu, unga, sindano, makaburi.

Khalfan alikuwa mferejini anachota maji, amerudi nyumbani wiki ile tu, mtaani wengi walikuwa hawajamuona. Akaingia na ndoo mbili, akatoa salamu, akauliza tuna shughuli gani. Bi Nasra, na uzito wake ule, alipita dirishani. Mpaka leo hataki kula chochote kilichopikwa kwangu.

Mtaa umecheka wiki mbili. Mimi nami nilicheka siku ya kwanza, ndiyo nakwambia. Siku ya pili nikaona kilichobaki. Miaka yote nimewaambia watu mwanangu yuko Mombasa. Sasa hakuna asiyejua alikuwa wapi na alikuwa anafanya nini. Mwenye tanuri la mikate alikuwa amchukue kazi, amemwambia apumzike kwanza. Apumzike na nini? Tangu siku hiyo Khalfan anarudi nyumbani, anakaa, hasemi. Nami namtazama mikono.

Ulinizikia mwanangu ili watoto wa watu waogope. Na ubwabwa ulikuwa mzuri.

Mwanamkuu


Muaither
9 Juni 2012

Mwanamkuu mdogo wangu,

Assalaam alaykum, hata kama hukunisalimia. Joto limeanza, usukani huushiki bila kitambaa. Zuleikha hajambo. Magoti yangu hukuyauliza, hayajambo.

Barua yako imenikasirisha nami nitajibu. Barua tatu hukumtaja mwanao. Watu wanasema Mombasa, wengine wananinong'oneza unga. Nakuuliza, unaniandikia bati la jikoni. Mtu asiyetajwa na mama yake mie nimuweke wapi? Kama ungeniandikia mstari mmoja, Khalfan mzima, ingenizuia. Sisemi sikukosea. Nasema tulikuwa wawili.

Na aliye hai hamtishi mtu. Ningewaambia alivuta unga akaacha, sasa anachota maji, kila mtoto angesema basi na mimi nitavuta halafu nitaacha.

Haya. Sasa nikwambie ya huku, maana adhabu yangu nimeipata na hukuiona. Arafa alipigiwa simu na mama yake. Ijumaa akaja Wukair na sauti yake, akaniuliza mbele ya Wakenya wote ule ubwabwa alioupika alimpikia nani. Owen, mtoto wa Githinji, akasema, "Guka, kwani huyu marehemu anachota maji?" Guka ndiyo babu kwao. Walicheka mpaka Milka naye akajificha nyuma ya picha yake ya mapafu. Nilimuona mabega.

Ibrahimu hakucheka. Aliniambia taratibu, "Babu, aliye hai umemzika. Haya mengine tuyaaminije?" Akatoka, na wenzake wakamfuata. Ijumaa iliyofuata walikuja watoto wanne. Milka hakunilaumu. Alisema tu, sauti ya chini, kwamba mtoto ukimdanganya kitu kimoja anafuta vyote, hata vya kweli. Nesi kunifundisha mie. Nimekasirika siku tatu, hata tajiri aliniuliza gari lina nini.

Na juzi Zuleikha kakuta suweika kwenye soksi ya Ibrahimu, na vidonge viwili vimefungwa kwenye karatasi. Ibrahimu kasema si vyake, anamwekea mtu. Kaapa kwa kichwa kile kile cha mama yake. Vidonge hivi huku si mchezo, Mwanamkuu. Huku hawakufukuzi skuli tu, wanakufunga, wewe na aliyekuleta.

Nimemwambia, nimemfokea, nimemfungia chumbani, nimesema mpaka koo limekauka. Ananitazama kama naelezea hali ya hewa.

Mwambie Khalfan apige simu aseme nao. Sikuombi, nakwambia.

Suleimani


Jang'ombe
14 Julai 2012

Kaka,

Waalaykum salaam. Mfungo unakaribia, tende ulizotuma zimefika, nimezigawa kwa wale wanawake wa mkeka. Nimewaambia zimetoka kwa marehemu. Bi Nasra kachukua mbili.

Nilikuwa nimeamua nisikujibu. Khalfan si ngoma, apigwe mkitaka kulia na apigwe tena mkitaka kucheka.

Lakini umesema tulikuwa wawili, na jambo hilo limenikaa. Basi nikwambie nililokuwa sikwambii. Khalfan alikuwa hapa hapa Unguja. Mwaka mmoja kwenye unga ambao niliuona, na mingine ambayo sikutaka kuiona. Halafu kwenye ile nyumba ya wanaoacha, wenyewe wanaiita soba. Barua yako ya Januari ilimkuta humo, ametoka wiki ile ile ya mkeka. Kwenye kona ya msikiti wetu wanauza. Akienda kuswali anazunguka nyumba zote za nyuma asipite pale. Hapo ndipo ulipotaka kumleta Ibrahimu awe msafi. Ndiyo sababu yangu. Ningekuandikia hivyo ningekuwa nimeandika na mengine yote, na kalamu ilinikataa.

Barua yako nilimsomea. Pale pa Owen alicheka, mara ya kwanza tangu msiba wake. Kesho yake akaenda mwenyewe kwa mwenye tanuri, akamweleza yote, hakubakisha. Sasa anaingia kazini alfajiri, anarudi ananuka mikate. Anasema kama mtaa mzima umeshaambiwa, kilichobaki ni kuwaeleza vizuri.

Amesema atazungumza na watoto wenu, baada ya Idi. Sharti lake moja. Wewe uwepo, na usiseme neno tangu mwanzo mpaka mwisho. Nimemwambia amuombe Mungu jambo jepesi zaidi.

Mwanamkuu


Muaither
21 Septemba 2012

Mwanamkuu mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Idi ilikuwa njema, tajiri kanipa kanzu mpya. Zuleikha anakusalimu kwa moyo safi, kununa kumekwisha. Skuli zimefunguliwa, Ibrahimu yumo. Bado yumo, hilo nalisema mwanzo usije ukasoma huku umeshika kifua.

Khalfan alipiga Ijumaa iliyopita. Simu ya Githinji ndiyo kubwa, wakaiweka juu ya meza, sauti inatoka kama mtu yuko ndani ya debe. Watoto walijaa. Hawakuja kujifunza, walikuja kumsikiliza maiti. Milka alinikalisha karibu yake.

Sikupenda alivyoanza. Hakutisha. Alisema yeye ni Khalfan, aliyesomewa hitima Wakrah, na anamshukuru aliyepika. Watoto wakaachia kicheko, halafu wakatulia. Akasema hatawaambia wasifanye, waulize wao wanachotaka, atajibu, na asichotaka kujibu atasema hataki. Basi wakauliza. Owen akauliza sindano inauma. Msichana mmoja akauliza rafiki zake wako wapi. Akawataja mmoja mmoja, nani yuko jela, nani yuko chini ya ardhi kweli kweli. Hakuongeza chumvi. Mie ningeongeza.

Halafu Ibrahimu, kutoka nyuma kabisa, akauliza, "Bado unaitaka?"

Na mwanao akajibu, "Ndiyo. Leo asubuhi niliitaka."

Mwanamkuu, damu ilinipanda. Unawaambia watoto unaitaka? Nikasema, kidogo tu, kwamba aseme imekwisha, awaambie imekwisha. Simu ikasema, "Mjomba, maiti hakatizwi." Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko, na Milka akanishika mkono wa kanzu, na nikanyamaza, tena nikanyamaza mpaka mwisho, ingawa yalinijaa kooni kama mchele mkavu.

Ibrahimu yeye aliuliza tena. Sasa ukiitaka unafanya nini. Khalfan akasema anamwambia mtu. Basi, mbinu yote ni hiyo, anamwambia mtu, siku nyingine wewe, siku nyingine mwenye tanuri, halafu anangoja mpaka ipite. Ibrahimu akaomba aichukue simu nje. Akakaa nayo kwenye ngazi mpaka Githinji akaanza kuitazama saa yake. Aliporudi nilimuuliza wamesema nini. Akaniambia, "Ya kwetu, Babu." Ya kwao. Mie niliyeleta ukoo huu Doha.

Sasa sikiliza linalonikera. Nilipofundisha mie, mtoto aliapa ameacha. Nilimtia hofu, akaacha, akaapa, mashahidi wapo. Amefundisha mwanao, na Jumanne Ibrahimu akamkalisha mama yake jikoni akamwambia kwamba hajaacha. Hakuacha hata siku moja. Suweika kila siku, vidonge vilikuwa vyake, mara mbili alivimeza. Akamwambia na anayempa. Akasema anataka kwenda kwa Milka amsaidie, naye Milka ampeleke kwa daktari anayejua mambo hayo. Zuleikha alinipigia akilia, anasema, "Alhamdulillahi, Baba, alhamdulillahi."

Alhamdulillahi ya nini? Kwangu alikuwa ameacha, kwa Khalfan amerudi kuwa mlevi. Nimelizungusha jambo hili barabara yote ya uwanja wa ndege kwenda na kurudi. Wewe umesoma kunishinda, nieleze. Milka ananiambia sasa ndiyo kazi imeanza. Kama sasa ndiyo imeanza, ile yangu ilikuwa nini?

Jana nilimpeleka kwa huyo daktari mie mwenyewe, na Landkruza ya tajiri. Alikaa mbele, kiti cha pembeni yangu. Sikumwambia neno. Tulipofika taa za Muaither akasema, "Babu, hapa ninaitaka." Nikatafuta la kumjibu, yote niliyoyapata yalikuwa ya kufoka. Nikapunguza mwendo. Tukangoja pamoja mpaka taa zikawaka kijani na zikawaka tena, walio nyuma wakipiga honi, akasema haya twende.

Msalimie Khalfan. Nimemtaja jina, unaona, nawe mtaje kila barua.

Na mtaani wakikwambia Suleimani muongo, wakisema mzee yule hawezi kufunga mdomo, mimi nilinyamaza, na mashahidi ninao. Muulize Milka, ndiye aliyenishika kanzu. Muulize Githinji, simu yake ilikuwa mezani mbele yangu. Muulize Arafa pia, ingawa huyo siku hizi nikisema habari ya mtu ananiuliza kwanza kama yuko hai. Ya kwenye taa hana wa kuyashuhudia ila Ibrahimu, na huyo usimuulize. Akitaka atasema mwenyewe.

Kakaako,
Suleimani